Ndama Aliyenukia Duka

Limi, ng'wanone, mwanangu,

Mwadila. Najua utaisoma hii asubuhi ukiwa ndani ya basi, kwa hiyo ningepaswa kukuamkia, lakini huku ninakoandikia jua limeshazama na wewe uko kwa mama yako mkubwa Minza, unaagwa kwa kuku ambaye mimi sikualikwa kumla. Nakusalimia kwa saa yangu. Wewe itikia kwa saa yako.

Mambo ya kufua, kufunga mlango na kutopita njia za mkato atakuambia shangazi yako huko Mwanza, tena atakuambia mpaka utamani kurudi Bariadi kwa miguu. Mimi sikukusudia kuandika kitu. Nilikuwa natafuta nafasi ya michembe, vile viazi vikavu unavyopenda, kwenye begi lako. Nikainua ile suruali ya baba yako uliyoichukua bila kumwambia (anajua, anajifanya hajui), na chini yake nikakiona kikopo cha krimu.

Usikasirike. Mama anayepanga michembe hapekui. Anapanga.

Kifuniko kina picha ya mwanamke mweupe hadi pua yake haionekani vizuri. Nikakifungua, nikanusa. Limi, ni harufu ile ile! Miaka yote hii wamebadilisha jina, wamebadilisha kifuniko, harufu wameiacha kama walivyoikuta. Nikakaa kitandani kwako nikacheka peke yangu. Halafu kicheko kikaisha, nikaenda kutafuta kalamu.

Najua kimetoka wapi. Nilikuwepo siku ile ya mashindano ya kufokafoka, nimekaa benchi la mbele na kitenge changu cha kanisani, nikijifanya simjui yule msichana jukwaani mwenye suruali ya mume wangu. Ulipomaliza watu walisimama juu ya mabenchi. Vijana wa kiume waliokutangulia, wale wa kuvuta suruali chini na kutisha watu kwa vidole, walikaa wakatazama viatu vyao. Kisha yule bwana wa studio akatujia. Alisifu mistari yako, akasifu pumzi yako, akasema uende Mwanza urekodi, kanda itoke. Nilimpenda. Ni mtu wa kazi, hakuniomba hata soda. Ila alipomaliza kusifu akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande, akakutazama kama watu wanavyotazama mnadani, akasema:

“Sauti ipo, mistari ipo. Ila kwa picha ya kava, dada, tungepata rangi kidogo, ingekaa vizuri zaidi.”

Wewe ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu wewe ulicheka. Tulikuwa wajinga wawili wenye adabu. Wiki ile ile ukaenda sokoni peke yako, wewe ambaye kutumwa chumvi tu ni lazima upigiwe magoti.

Sasa sikuambii ukitupe. Ningekuambia hivyo ungekihamishia kwenye soksi. Nataka tu nikusimulie habari ya kikopo changu, kwa sababu umeisikia nusu, ile nusu ya kuchekesha ambayo baba yako huwasimulia wageni. Nusu nyingine ninayo mimi.

Unajua kwamba Minza ni dada yangu wa tumbo moja, na unajua alivyo: mtu wa maji ya kunde hata nyakati za palizi. Mimi nilitoka hivi unavyoniona. Kwetu Nkololo watu hawakuwa wabaya, ila walikuwa wafugaji, na mfugaji hawezi kuangalia kitu kisha asiseme rangi yake. Wazee walipokuja kwa ajili ya Minza, walikaa uani, sisi wasichana tukabana masikio kwenye ukuta. Mzee wa upande wao alisema binti ni mweupe, na wazee wa kwetu wakasema ndiyo, ni mweupe, na kila neno hilo liliporudiwa tuliona ng'ombe mwingine akiingia zizini. Walipokuja kwa ajili yangu, kina baba yako, mzee wao alikohoa, akatazama juu, akasema, “Huyu naye ni mchapakazi.”

Limi, msichana akisifiwa uchapakazi kabla ya kitu kingine chochote, ujue rangi yake imeshajadiliwa njiani.

Nilitolewa ng'ombe wachache, na mmoja wao alikuwa anachechemea. Baba yako hadi leo anasema alichechemea kwa uchovu wa safari. Ng'ombe yule aliishi kwetu miaka, akazaa, akazeeka, na alikufa akichechemea.

Sikulia. Nataka uelewe hilo, maana nyinyi mnaoandika mistari mnapenda mtu alie. Nilikuwa na furaha na baba yako, Masanja wangu. Lakini lilinikaa mahali fulani, kama kijiti cha mtama kwenye jino. Huumwi, ila ulimi unakwenda pale pale kila saa.

Kisha ukaja ule wakati maduka yalipoanza kujaa. Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka jinsi yalivyokuwa matupu kabla yake. Mara ikaja mitumba, zikaja sabuni zenye maua, zikaja redio kubwa kama masanduku ya maiti. Wanunuzi wa pamba binafsi nao wakaanza kuingia vijijini, wakigombania mizani, na mwaka mmoja baba yako akapata msimu mzuri. Mimi nikategemea plau mpya. Akarudi kutoka Mwanza na televisheni, deki na jenereta.

Nilimpakulia kwanza. Alipokuwa anakula nikamuuliza, “Baba Limi, hiki tutakifunga kwa maksai gani?”

Lakini banda la video lilitulisha, siwezi kukana. Siku ya mnada wafugaji walikuwa wanauza ng'ombe wao, wanakuja moja kwa moja kwetu, wanaacha fimbo mlangoni kwa amri yangu, wanakaa chini. Kijana tuliyemweka kutafsiri alituacha kwenye msimu wa kwanza, akaenda kutafuta maisha. Baba yako alikuwa hawezi kuiacha jenereta, ina kifafa. Nikabaki mimi. Nikapunguza sauti, nikashika kifimbo, nikasimama pembeni ya televisheni kama mwalimu wa jiografia, nikaanza kueleza. Kiingereza changu kilikuwa salamu na majina ya vyombo vya jikoni. Haikunizuia. Hata mhubiri hakuwahi kufika mbinguni, na anaeleza vizuri tu.

Filamu za ngumi zilikuwa rahisi, maana ngumi haina lugha. Kazi ilikuwa zile kanda za nyimbo za Wamarekani weusi, za kuongea haraka haraka juu ya ngoma. Wafugaji walizipenda kuliko chochote. Waliona watu weusi kama wao, wana minyororo ya dhahabu minene ya kufungia fahali, wanajisifu, wanawatukana wenzao, wanapiga kifua. Hilo halikuhitaji tafsiri kwa Msukuma. Tangu lini sisi tumecheza ngoma za baada ya mavuno bila kumtukana wa upande wa pili? Babu yako mwenyewe aliwahi kuimbwa na kundi la wapinzani kwamba ana magoti ya mbuzi, akakaa mwaka mzima anatunga jibu. Kwa hiyo nilitafsiri ninavyojua. Nilisema, huyu anasema kwao ana ng'ombe kuliko serikali. Anasema wanaomsema vibaya hawana hata kuku. Banda lote linaitikia.

Halafu kulikuwa na wanawake.

Walikuwa wamejaa humo. Wamekaa juu ya magari, wamelala pembeni ya maji, wanatikisika. Wanaume wamevaa makoti ya baridi na kofia za sufu, wanawake wamevaa kama wanakwenda kuoga mtoni. Nikawa najiuliza hali ya hewa ya nchi hiyo ikoje. Na wote, Limi, walikuwa weusi, lakini weusi wa chai yenye maziwa mengi. Aliyefanana na mimi hakuwemo. Kama alikuwemo, basi alikuwa nyuma ya gari. Wafugaji wakaanza mchezo wa kuwapangia mahari. Yule wa kulia, ng'ombe hamsini. Huyu wa nywele ndefu, mpe mia na zizi. Walikuwa wanacheka, hawakuwa na nia mbaya. Na mimi nimesimama pale pale, mwanga wa televisheni unanimulika uso, na hakuna aliyenitajia hata mbuzi.

Siku moja mzee mmoja kutoka Binza, mtu mpole, alinyoosha mkono kama yuko darasani. Akaniuliza, “Mayu, mama yangu, hawa mabinti mbona hawasemi? Wamekatazwa?”

Nilikuwa sijawahi kuliona jambo hilo. Wanaume wanaongea mpaka mate yanawakauka, wanawake wanafumbua midomo na kuifunga tu. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni: “Wanasubiri zamu yao.” Mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akasubiri. Kanda ikaisha. Akasema labda iko kwenye kanda ya pili.

Ungedhani hapo ndipo nilipopata akili. Wapi. Mimi kesho yake nilikwenda sokoni nikanunua kikopo.

Nisikudanganye kwamba nilishawishiwa na mtu. Nilijishawishi. Niliona wale wanawake wamekaa kimya na bado wana thamani ya zizi zima, na mimi naongea kutwa kwa thamani ya ng'ombe kilema. Nikajiambia tatizo si maneno, tatizo ni rangi. Nikapaka asubuhi, nikapaka jioni. Uso ukaanza kuwa wa Minza, ila masikio na vidole vikabaki vyangu. Nilikuwa kama nyumba iliyopakwa chokaa mbele tu kwa ajili ya ziara ya mkubwa. Na kile kikopo kiliandikwa kwamba mtumiaji asikae juani. Limi, ilikuwa ni kipindi cha kuvuna pamba! Nilivuna pamba na mwavuli. Mkono mmoja unachuma, mwingine umeshika mwavuli, gunia linakokotwa kwa mguu. Watu walitoka njia kuu kuja kutazama. Mashavu yakaungua, yakababuka, nikawa nikicheka yanauma. Mimi, kucheka kunaniuma. Hapo ningepaswa kujua.

Wewe ulikuwa unakaa miguuni kwangu unanitazama nikipaka. Siku moja ukauliza, mama, unapaka ili iweje? Nilikuwa na haraka, nikakujibu kwa mzaha, “Ili ng'ombe waongezeke.”

Ukanyamaza. Wewe ukinyamaza ni wa kuogopa, tangu hapo.

Wiki ile yule ng'ombe wetu mwekundu alikuwa amezaa ndama mweusi, mweusi hasa, wa kung'aa. Mchana tukiwa bandani wewe ukachukua kikopo changu, ukaingia zizini, ukampaka ndama. Ulimpaka kuanzia puani mpaka mkiani, kwa bidii ya mtu anayetaka kuwasaidia wazazi wake. Kikopo chote. Tuliporudi tulikukuta umekaa juu ya jiwe, umechoka, umejipaka na wewe kidogo magotini, ukatuambia tusubiri tu, wataongezeka.

Hapa ndipo baba yako husimulia wageni, na wageni huanguka kwa kicheko, na mimi pia hucheka. Lakini huwa anaishia hapo. Kilichofuata ni hiki.

Tulipomleta ndama anyonye, ng'ombe alimnusa, akarudi nyuma. Tukamsogeza tena. Akanusa kichwa, akanusa mgongo, akapiga teke. Hakuwa mkali. Alikuwa amechanganyikiwa. Alikuwa analia kumwita mwanawe, anatazama huku na huku juu ya uzio, na mwanawe amesimama mbele yake, ananukia duka. Ndama anamfuata, anamsukuma, anataka maziwa. Yeye anampisha kama mtoto wa jirani. Anaendelea kumwita yule wake, aliyepotea.

Nilisimama pale na uso wangu uliobabuka, Limi, na harufu ile ile ikinitoka mimi.

Tulimwosha ndama kwa maji na majivu, mimi na baba yako, mpaka mikono ikafa ganzi. Harufu ikapungua, ng'ombe bado akawa anakataa. Ndipo baba yako akaleta chumvi. Akampaka ndama mgongoni, shingoni, akaipangusa vizuri kwenye manyoya, akatuambia tukae mbali. Ng'ombe akaja kwa tamaa ya chumvi tu, si kwa upendo. Akalamba. Akalamba tena. Alipofika shingoni akasimama, akavuta pumzi ndefu, nadhani chini ya chumvi na chini ya majivu akamkuta. Akatoa ile sauti ndogo ya tumboni wanayotoa. Ndama akapiga magoti, akanyonya. Wewe ukapiga makofi.

Baba yako alikuwa ameniona nikijifuta macho, akanisaidia kwa kutazama pembeni. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na ng'ombe:

“Mama Limi, mimi nilitoa ng'ombe kwa ajili ya yule mweusi. Huyu mwingine simjui kwao ni wapi, na sina ng'ombe wa kumtolea.”

Nikamwambia hata wa kwanza alitolewa ng'ombe anayechechemea. Akasema ndiyo maana, hana uwezo wa wawili.

Na bado nilinunua kikopo kingine. Kumbe ulidhani mama yako ni mtu wa kuelewa somo mara moja? Nilikificha kwenye gunia la mbegu za pamba. Lakini kila nilipokifungua nilimwona yule ng'ombe akirudi nyuma. Nikawa nakifungua, nanusa, nakifunga. Kikakauka kwenye mbegu, na ule mwaka mbegu zetu zilibaki nyeusi kama kawaida, zikaota vizuri kama kawaida.

Mashavu yalipopona nilirudi kwenye kanda zangu. Yule mzee wa Binza alikuwa hajasahau. Akauliza kama zamu ya mabinti imefika. Nikatazama kwenye televisheni: bwana mwenye mnyororo anajisifu, mwanamke yuko pembeni anafumbua mdomo. Nikasema, imefika. Nikamtolea sauti. Nikasema, huyu dada anamjibu: Wewe unajisifu gari, mbona tangu nimekaa juu yake halijatembea? Unasema una dhahabu, mbona umeazima koti? Banda lilipasuka. Baba yako aliiacha jenereta akaja kuchungulia, ikazimika, ikabidi tuanze upya, na mara ya pili dada yule alijibu vikali zaidi maana alikuwa amepata muda wa kufikiri.

Tangu siku hiyo wanawake wakaanza kuja. Mwanzoni banda lilikuwa la wanaume watupu. Wakaja wauza samaki, wakaja wauza mchele, wakakaa upande wao kama kwenye ngoma, na mimi nikitoa jibu wao wanaitikia. Na nyuma ya televisheni, juu ya kreti la soda, alikuwa amekaa mtoto mmoja mwenye masikio makubwa ambaye nilidhani anachezea vifuniko.

Ulipofika kidato cha pili ukarudi na Kiingereza chako, ukakaa bandani jioni moja, ukanivuta pembeni, ukaninong'oneza yule bwana anawaita nini hasa wale wanawake. Mnyama gani. Nikakuuliza mara mbili. Kumbe miaka yote nilikuwa namfulia mtu matusi yake bila kujua. Uliniuliza kama sasa nitatafsiri ukweli. Nikakuambia nitaongeza ukali wa majibu.

Sizichukii nyimbo hizo, na sitaki uzichukie. Yule kijana ana njaa ya kusifiwa kama wanaume wote ninaowajua, na amepitia mambo ambayo sisi hatuyajui. Anajua kucheza na pumzi, anajua kumfanya mtu asiye na kitu asimame wima. Wafugaji wetu walitoka mle bandani wakitembea wima. Ninachosema ni kwamba alipokuwa anasimama alikanyaga mguu wa mtu, na mwenye mguu ana haki ya kusema.

Kwa hiyo uliposimama kwenye mashindano, ukasema:

*Msinihesabie ng'ombe, niulizeni jina,*
*mimi Limi, mimi jua, sijifichi mchana,*

mimi pale benchi la mbele nilikuwa siuoni ujana wako wala suruali ya baba yako. Nilimwona yule mzee wa Binza amenyoosha mkono. Laiti ningeweza kumwambia kwamba zamu ya mabinti ilikuwa kwenye kanda ya pili kweli.

Sasa unaelewa kwa nini kikopo kimenikalisha. Nimeyasoma maandishi yake kwa taa. Bado yanasema mtumiaji asikae juani. Mtoto niliyemwita jua.

Yule bwana wa studio simlaumu sana. Kila mnada una dalali, na dalali hutazama rangi kwanza kwa sababu wanunuzi humuuliza rangi kwanza. Si mtu mbaya. Ila dalali hakai na ng'ombe. Akishauza anakwenda zake, na anayebaki kumkamua ni mwingine. Wewe utabaki na huo uso baada ya kanda kusahaulika, utacheka nao, utakula nao, siku moja utamwinamia mtoto nao. Huenda ukimwambia hapana atakubali. Huenda akakataa, ukarudi bila kanda. Sijui. Mwanza siijui vizuri, niliwahi kupotea stendi. Na huenda ukapaka, ukaona ni kitu kidogo, picha moja tu, kisha utaosha. Nilisema hivyo hivyo na mimi, tena kwa maneno hayo hayo.

Minza aliwahi kuniambia, tukiwa watu wazima, kwamba kwa ng'ombe wote wale waliotolewa kwa ajili yake hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini. Walimzuia kwenda shambani asije akaungua. Anasema alikuwa anakaa dirishani anatusikia tukiimba kwenye pamba, na alikuwa na sauti kuliko sisi wote. Siku ukirudi mwombe akuimbie. Ukiona anakataa mwambie mimi ndiye nimesema, na mwambie pia kuhusu kuku.

Nasikia sauti yako njiani, unawaaga watoto wa jirani kwa mistari, mbwa wanaitikia. Nimalize.

Ukisoma hapa utakuwa umeshakunywa maziwa ya asubuhi. Ni ya mjukuu wa yule ndama, yule mweusi anayependa kutafuna kamba ya nguo. Natumaini uliyanywa yote, hukumwachia baba yako akasema amekusaidia. Kwenye basi mkipita Nyashimo utaanza kuliona ziwa upande wa kulia, na utataka kulia kidogo. Lia, kisha kula mchembe.

Kikopo sikukitoa. Kiko pale pale ulipokiweka, chini ya suruali, na ni chako, ulikinunua kwa akili yako. Pembeni yake nimekuwekea chumvi, nimeifunga kwenye kipande cha kitenge changu cha kanisani ili usiipoteze. Wewe unajua kazi yake. Siku ukirudi unanukia kitu kingine, chochote kile, usikae nje ya uzio ukiona aibu. Ingia. Maji yapo, majivu yapo, na mimi nina ulimi mrefu, wote Bariadi wanajua.

Na kama hutaihitaji, itie kwenye mboga. Shangazi yako hajui kuweka chumvi.

Wabeja kwa kuwa mtoto wangu.

Mama yako,
yule mchapakazi